Laini ya 58, kisha 41, kisha 3: kwani Python husoma kinyumenyume?

Jumanne jioni mwanafunzi wangu mmoja kaniuliza swali ambalo nimelikwepa miaka mingi. Darasa lenyewe si la kujivunia, ni chumba cha ghorofani huku Majengo, Mombasa, feni moja inayolia kama tukutuku bovu, laptopu sita kwa vijana tisa, na wale wa kutoka Likoni huingia wakihema kila siku na kisingizio ni kile kile, feri. Huyu ni wa Likoni. Kafika, kafungua faili lake, kaliendesha, Python, ile lugha ya programu ninayofundisha, ikamkatalia: laini ya 58, mabano umefungua hukufunga. Sawa, kayafunga. Kaendesha tena, ikamkatalia: laini ya 41, agumenti mbili (vile vitu inavyopewa fankisheni) zina jina moja. Kabadilisha jina. Kaendesha tena, safari hii laini ya 3, return (kauli ya kurudisha jibu) iko nje ya fankisheni, kile kipande cha programu chenye jina lake.

Kageuka kanitazama. "Ticha, kwani hii kitu husoma kutoka chini? Laini ya 3 imeipita mara mbili na haikusema neno."

Mimi nikamjibu vile walimu hujibu wakiwa hawana jibu, nkamwambia ndivyo ilivyo, rekebisha uendelee. Karekebisha, lakini ule mtazamo wake nilirudi nao hadi nyumbani. Manake ana haki. Kama kitu kinasoma kutoka juu, kosa la laini ya 3 lingeonekana kwanza. Na kama kinasoma kutoka chini, hakuna lugha inayosomwa hivyo. Sasa?

Nikakaa jioni tatu na birika la kahawa tungu, nikaandika kiprogramu kidogo nikakiita Mkaguzi, kazi yake ni kuipitia programu ya mwanafunzi na kumwambia makosa yake yote kwa pamoja, kwa Kiswahili, kuanzia juu kushuka. Hii posti ni hadithi ya hizo jioni tatu, na jibu la yule kijana liko humo humo.

Faili lake lilikuwa linaanza hivi (nimelifupisha):

    def jumla(a, b):
        c = a + b
    return c

Mwenye macho ashaona, ile return ilitakiwa isukumwe ndani ikae chini ya c. Kosa la kitoto, kila mtu amelifanya. Lakini hebu jaribu hili jambo: chukua hizo laini tatu uzipe `ast.parse`, ile fankisheni ya Python inayogeuza kodi kuwa mti (kodi ya programu jamani, si ya nyumba). Haitalalamika! Itakupa mti mzuri kabisa:

    Module
        FunctionDef jumla
            arguments a, b
            Assign c
                BinOp
                    Name a
                    Add
                    Name b
        Return
            Name c

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea mimi. Nikarudia. Mti uleule, umekaa kimya. Kumbe hata maelezo rasmi ya Python yanasema wazi, kwamba return peke yake ni nodi (kifundo) halali ya mti, ila haiwezi kukompailiwa, yaani kugeuzwa maagizo ya kuendeshwa, ikiwa peke yake. Yaani parsa, ile sehemu ya Python inayojenga mti, kazi yake ni kuuliza "je, hii ina umbo la kauli ya return?" Ndiyo, inalo. Neno return, kisha usemi. Basi imetosha. Hapo inaposimama ni halali kusimama? Hilo si swali lake.

Na hapo ndipo jibu la Likoni lilipo. Python haisomi faili lako mara moja, hulipitia kwa awamu, na kila awamu ina macho yake. Awamu ya kwanza ni parsa: hukata maandishi kuwa tokeni (vipande kama maneno na alama), huzipanga kwa sarufi, hujenga mti. Mabano ambayo hayajafungwa yanaua safari hapa hapa, hakuna mti, hakuna kuendelea, hata kama mabano yenyewe yako laini ya mwisho. Ukipata mti, awamu ya pili huutembea mti wote kutengeneza daftari la majina, nani ni wa ndani ya fankisheni, nani ni wa nje, nani kaitwa global (wa faili zima). Ni humu ndimo inapogundua kwamba umeandika `def tuma(jina, kiasi, jina)`. Kisha awamu ya tatu hutembea mti tena kutoa baitikodi (maagizo ambayo Python huyatekeleza), na ni hapo tu ndipo inapofika kwenye ile return na kujiuliza, sasa hii narudi wapi, mbona siko ndani ya fankisheni yoyote?

Kila awamu ikikuta kosa la kwanza inasimama papo hapo. Kwa hivyo 58 ni awamu ya kwanza, 41 ya pili, 3 ya tatu. Mpangilio wa namba ni bahati mbaya tu ya faili lake. Haisomi kinyumenyume, inasoma kutoka juu mara tatu, ikitafuta vitu tofauti.

Nilipolielewa hilo nilimkumbuka ami yangu. Ami hutunga mashairi, na vijana wa mtaani humpelekea kazi zao azitazame kule barazani kwake Mji wa Kale. Ukimpa shairi halisomi kama wewe na mimi. Kwanza hupita akihesabu mizani kwa vidole, nane, nane, nane, nane, hata maana hajaijali. Akimaliza hurudi ubeti wa kwanza, sasa anatazama vina. Kisha ndio hurudi mara ya tatu kusoma lililosemwa, na hapo kama limemridhisha utamsikia akianza kumtaja Muyaka. Siku moja kijana kamletea kitu kama hiki (si chenyewe, nimetunga mimi nisimwaibishe mtu):

    Mvuvi kenda bahari, samaki hakuwapata
    Karudi hana habari, na nyavu zimemkata
    Mkewe kakaa kimya, machozi akiyafuta

Mizani iko sawa, hesabu mwenyewe, nane kwa nane kila mshororo. Ule mshororo wa tatu ukiusoma peke yake hauna kasoro hata chembe, ni Kiswahili safi. Ami kaweka kidole juu ya "kimya" kasema, "Huyu yuwafanya nini hapa na wenzake ni ri?" Kosa halimo ndani ya neno kimya. Kosa linaonekana tu kwa mtu ambaye amefika pale akiwa amebeba kichwani ile ri ya mshororo wa kwanza. Mtu aliyelichomoa neno moja katikati akalitazama hataona kitu.

Return ni hivyo hivyo, na break pia, ile kauli ya kuvunja lupu (kodi inayorudiwarudiwa, kama for na while) katikati.

Turudi kwa Mkaguzi. Jioni ya kwanza niliipoteza yote, sitaficha. Nilijaribu kutumia regeksi (ruwaza za kutafutia maandishi), nikitafuta neno break kwenye maandishi halafu nihesabu nafasi za kushoto nijue liko chini ya for gani. Kikafanya kazi kwa dakika kumi. Halafu nikakijaribu kwa faili la mwanafunzi mwengine ambalo lina `print("break ya chai saa nne")`, kikampigia kelele. Nikaziba. Kikaja kwenye komenti (maelezo ambayo Python huyaruka) iliyoandikwa return ya kesho, kikapiga kelele tena. Nikaziba. Halafu stringi (maandishi ndani ya alama za nukuu) ya mistari mitatu. Saa tano usiku nikafuta faili lote. Uzuri wa mti ni kwamba huo uchafu haumo: mti haukumbuki nafasi tupu, komenti umezitupa, mabano ya kupanga hesabu yamegeuka kuwa umbo la matawi tu, na break iliyo ndani ya stringi ni nodi ya Constant, haiwezi kuchanganywa na nodi ya Break hata ukitaka. Ndio maana unaitwa mti wa sintaksia dhahania, umebakisha mifupa.

Na ukiuchora unakaa kichwa chini, shina juu matawi chini, kama ule mbuyu ambao wazee husema ulipandwa kinyume. Utazoea.

Jioni ya pili nikaanza na `ast.walk` kwa sababu ni rahisi, laini moja unapata nodi zote. Na kweli nilizipata Break zote na namba za laini zao. Halafu nikabaki nimezikodolea macho. Ninayo Break, iko laini ya 22, vizuri, lakini iko ndani ya lupu au haiko? Nodi haimjui mzazi wake. `ast.walk` inakupa nodi bila mpangilio wa kuahidiwa na bila historia yoyote. Ni kama umemuona mtu barabarani kavaa kanzu nyeupe, huwezi kujua kama anatoka msikitini au anaelekea harusini, lazima ungekuwa umemfuata tangu alipotoka.

Kwa hivyo unahitaji kutembea mwenyewe, ukishuka tawi kwa tawi, na mfuko mkononi. Ukiingia kwenye lupu unatia kitu mfukoni, ukitoka unakitoa. Ukikutana na Break unaangalia mfuko, kama ni mtupu hilo ni kosa. Python inakupa klasi ya `NodeVisitor` kwa kazi hiyo, wewe unaandika fankisheni yenye jina la nodi unayoitaka, `visit_Break`, `visit_Return`, na yenyewe itaziita ikifika.

Sasa hapa kuna mtego ambao umemnasa kila mtu. Ukiandika `visit_FunctionDef` yako mwenyewe, basi kushuka kwenye watoto wa hiyo nodi ni jukumu lako, ukisahau kuita `generic_visit` mtembezi anasimama mlangoni, ndani haingii. Mimi nilisahau. Mkaguzi akawa anaambia kila faili "Hakuna kosa", faili baada ya faili, nami nikajiona nimemaliza, hata nikamtumia rafiki yangu ujumbe wa kujisifu. Nusu saa nzima ya furaha ya bure. Alikuwa hakagui chochote, kodi yote ya vijana imo ndani ya fankisheni na yeye anapita nje akipunga mkono.

Nikalirekebisha, likaja hili:

    import ast

    class Mkaguzi(ast.NodeVisitor):
        def __init__(self):
            self.makosa = []
            self.lupu = 0
            self.fankisheni = 0

        def visit_Break(self, nodi):
            if self.lupu == 0:
                self.makosa.append(
                    (nodi.lineno, "break iko nje ya lupu"))

        def visit_Return(self, nodi):
            if self.fankisheni == 0:
                self.makosa.append(
                    (nodi.lineno, "return iko nje ya fankisheni"))
            self.generic_visit(nodi)

Hiyo ni sehemu rahisi. Utamu uko kwenye kile unachofanya na mfuko unapovuka mipaka, na hapa ndipo nilipojifunza vitu vya Python ambavyo nimeifundisha miaka bila kuvijua.

Kwanza, fankisheni iliyo ndani ya lupu. Mtu ameandika for, ndani yake kaweka def, ndani ya def kaweka break. Ukiangalia kwa macho break iko ndani ya for, iko pale pale imesukumwa ndani mara mbili. Mkaguzi wangu wa kwanza alisema sawa. Python inasema hapana. Na ukifikiria ni kweli, fankisheni inaweza kuitwa kutoka popote, kesho, kutoka faili jengine, lupu ile ishakufa zamani, sasa break itavunja nini? Kwa hivyo ukiingia kwenye fankisheni huongezi kitu mfukoni tu, unauweka pembeni mfuko wote wa lupu uanze na mtupu, halafu ukitoka unaurudisha kama ulivyokuwa:

        def visit_FunctionDef(self, nodi):
            zamani = self.lupu, self.fankisheni
            self.lupu, self.fankisheni = 0, 1
            self.generic_visit(nodi)
            self.lupu, self.fankisheni = zamani

Klasi nayo ina ukali wake, ukiweka klasi ndani ya fankisheni na return moja kwa moja kwenye mwili wa klasi, hiyo pia ni kosa, kwa hivyo kwa `visit_ClassDef` vyote viwili vinakuwa sifuri. Na usisahau AsyncFunctionDef ni nodi yake mbali, haiji na FunctionDef, mimi ilinichukua siku nzima kugundua. (Kwa wachunguzi: hiyo kodi hapo juu ina dosari ndogo, thamani za kuanzia za agumenti na zile dekoreta hukokotolewa nje ya fankisheni, si ndani, kwa hivyo ukiongeza ukaguzi wa yield itabidi uzitembelee kabla hujabadilisha mfuko. Kwa return na break haidhuru kwa sababu hizo ni kauli, haziwezi kukaa pale.)

Pili, na hii wallahi iliniangusha kwenye kiti, ni else ya for. Wengi hata hawajui for ina else. Ipo, hufanya kazi pale lupu inapoisha bila kuvunjwa:

    for jina in orodha:
        if jina == tafuta:
            print("nimempata")
            break
    else:
        print("hayupo")
        break

Ile break ya juu ni halali. Ya chini ni kosa. Kwenye mti zote mbili ni wajukuu na watoto wa nodi moja, For, lakini nodi ya For ina vyumba viwili, `body` na `orelse`, na hicho cha pili kihesabu kiko nje ya lupu, manake ukifika huko lupu ishamalizika. Kama hiyo for yenyewe iko ndani ya lupu nyengine, basi break ya chini inakuwa halali tena na inavunja ile ya nje! Kwa hivyo huwezi kuita `generic_visit` kiholela, lazima uingie chumba kwa chumba:

        def visit_For(self, nodi):
            self.visit(nodi.target)
            self.visit(nodi.iter)
            self.lupu += 1
            for kauli in nodi.body:
                self.visit(kauli)
            self.lupu -= 1
            for kauli in nodi.orelse:
                self.visit(kauli)

While na AsyncFor ni vivyo hivyo, na continue inafuata sheria ile ile ya break, sitarudia.

Baada ya hapo nikaenda kuchungulia wenzangu wamefanyaje. Manake hii si kazi mpya, programu ya kukagua kodi bila kuiendesha ipo tangu lint ya Stephen Johnson kule Bell Labs mwaka 1978, na kwa Python kuna Pyflakes ambayo hukamata karibu haya yote. Nilichokipenda kwenye Pyflakes ni kwamba kwa break wao hawashuki na mfuko, wanapanda. Wao kila nodi wameipa kamba ya kumjua mzazi wake, wakifika kwenye Break wanaanza kupanda juu wakiuliza, mzazi wako nani, na wa huyo nani, wakikutana na lupu wanauliza swali moja la ziada, je umetokea upande wa orelse? Kama hapana, umesalimika. Wakikutana na fankisheni au klasi kabla ya lupu, wanakata shauri kuwa ni kosa. Jibu lile lile kwa njia ya kinyume. Mimi bado napendelea mfuko kwa sababu hupandi tena na tena, lakini ukiniuliza ipi ni rahisi kumueleza kijana wa miaka kumi na saba ubaoni, nitasema ya kupanda. Kila mtu wa huku anajua kuulizwa wewe mtoto wa nani, na huyo baba yako ni mtoto wa nani.

Sasa mtu atasema, kama Pyflakes ipo, hangaiko lote hili la nini? Moja, nilitaka kujua. Mbili, ujumbe. Python inasema 'return' outside function, basi. Mkaguzi anasema: "Laini ya 3: umeandika return lakini hauko ndani ya fankisheni. Fankisheni iliyo juu yake ni jumla, imeishia laini ya 2. Huenda umesahau kuisukuma return ndani." Hayo ya jumla kuishia laini ya 2 nayapata bure kwenye mti, tangu Python 3.8 kila kauli ina `lineno` na `end_lineno`, kwa hivyo nikikuta return ya nje natazama ndugu yake aliyemtangulia, kama ni FunctionDef najua alikusudia nini. Huo ushauri nauona una faida kuliko ukaguzi wote.

Majina yanayojirudia kwenye agumenti yalikuwa mepesi, unachukua orodha ya `nodi.args` na kuhesabu, ila ukumbuke agumenti zimegawanywa mafungu kadhaa, za kawaida, za jina tu, za nyota. Global ndiyo ilinichosha, manake pale kosa ni kulitumia jina kabla ya kulitangaza, kwa hivyo mpangilio wa kutembea unakuwa na maana, na nimeiacha nusu.

Na yale mabano ya laini ya 58? Hapo Mkaguzi hana la kufanya. Hakuna mti, utatembea wapi? Makosa ya aina hiyo ni ya parsa mwenyewe, na kusema ukweli parsa amejitahidi, tangu ilipoandikwa upya kwenye Python 3.9 ya mwaka 2020 na ujumbe ukaboreshwa kwenye 3.10 mwaka uliofuata, sasa inakuonyesha bano lenyewe ambalo hukulifunga, zamani ilikuwa inalalamikia laini ya chini yake ambayo haina hatia yoyote. Kuna kitu kinaitwa Tree-sitter ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya edita (programu za kuandikia kodi), chenyewe hukujengea mti hata kama faili limevunjika katikati, pale palipoharibika kinatia nodi iliyoandikwa ERROR na kuendelea na mengine. Nikipata nafasi nitakijaribu, manake hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuonyesha 3, 41 na 58 kwa mpigo mmoja. Kwa sasa nimemwambia kila mtu: ukiona kosa la parsa lirekebishe kwanza, halafu Mkaguzi atakupa mengine yote kwa pamoja, yamepangwa kwa namba za laini kutoka juu. Nimezipanga makusudi, kwa ajili ya mtu mmoja.

Alhamisi nikaja nacho darasani. Stima ilikuwa imekatika, feni imenyamaza, watu wanajipepea kwa madaftari, laptopu mbili tu ndizo zina chaji. Nikachora mti ubaoni, nikaeleza awamu tatu, nikaleta na lile shairi la mvuvi, wakacheka kidogo. Yule wa Likoni hakucheka, alikuwa ameshika laptopu yangu anaandika. Baada ya dakika tano kanigeuzia kioo. Alikuwa ameandika laini moja:

    *a, *b = orodha

Mkaguzi: Hakuna kosa. Kaendesha kwa Python: imekataa, nyota mbili kwenye upande mmoja wa kugawa haziruhusiwi. Mti unazikubali, awamu ya tatu inazikataa, na mimi sikuwa nimezifikiria kabisa.

"Ticha, hii nayo?"

Usiku ule nikaongeza `visit_Assign` ya kuhesabu nyota, na chini kabisa nikaweka kitu ambacho ningekiweka tangu siku ya kwanza: Mkaguzi akimaliza bila kuona kosa, anaipa `compile` ya Python faili lile lile (haiendeshi kodi, inaikompaili tu), na kama Python imekataa anasema, "Kuna kosa laini ya hii, mimi silijui bado, muonyeshe mwalimu." Mpaka leo Jumapili nimeshaonyeshwa manne, na matatu ni yake.